Nyumba Sita, Kiwanja Kimoja: Namna ya Kujenga Nyumba za Pamoja Ndani ya Mtaa wa Lamu

Kiwanja kinachobaki wazi katikati ya mtaa wa Lamu hakikai bure. Watoto hukichezea mpira jioni, mama wa nyumba ya pili huanika mikeka yake, punda husimama kivulini wakisubiri mzigo, na kusi ikivuma hupita juu yake ikaingia dirishani mwa nyumba iliyo nyuma. Siku mwenye kiwanja anapokuja na ramani ya nyumba sita, vyote hivyo huingia hatarini, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa kwenye hati ya ardhi.

Mwongozo huu ni wa mwenye kiwanja huyo, na wa mchora ramani na fundi wake. Unahusu nyumba za pamoja, yaani nyumba kadhaa zinazokaa kwenye kiwanja kimoja na kushirikiana ua, maji na njia, ndani ya mtaa ambao watu wameuishi miaka mingi. Nyumba za namna hii nilizoziona zimekaa vizuri Lamu zote zina jambo moja: jirani waliyemkuta hakupoteza kitu. Mlango wa nakshi na ukuta uliopakwa chokaa vinapendeza, nami navipenda, lakini mtu aliyezibiwa upepo wake havimsaidii.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho ili hesabu zifuatane. Chukua kiwanja cha mita 24 kutoka mashariki hadi magharibi, na mita 33 kutoka kusini hadi kaskazini, upande wa juu wa mji, nyuma ya mtaa wa Langoni, ambako nyumba za mawe zimechanganyika na za udongo na makuti.

1. Fungua daftari la jirani

Kabla ya kumwita mpimaji, nenda kiwanjani mara tatu: alfajiri watu wanaporudi msikitini, saa saba mchana jua likiwa kichwani, na baada ya magharibi. Kaa. Angalia nani anapita, anatoka wapi, anakwenda wapi, na kwa nini hakuizunguka njia kubwa. Kisha bisha hodi kila nyumba inayopakana nawe, ukaribishwe, ueleze unachotaka kufanya, na uombe kuona kiwanja chako kutoka upande wao. Kama nyumbani kuna wanawake peke yao, nenda na mkeo, dada yako au mama mzee wa mtaa. Mambo mengi utakayohitaji kujua yako jikoni na kiwandani, na huko wewe mwanamume hutaingia.

Kila jirani mpe ukurasa wake, na kila ukurasa uwe na mistari mitano: upepo, mwanga, sitara, maji, njia. Ukurasa mmoja unaweza kusomeka hivi:

"Mashariki. Nyumba ya ghorofa moja. Madirisha mawili ya jikoni, sentimita 60 kutoka mpakani. Kusi inaingia kupitia kwetu. Kiwanda chao kinaonekana kutoka kimo cha mita 4 kwenda juu. Kisima kiko mita 9 ndani ya mpaka wao, maji matamu wakati wa mvua, yana chumvi kidogo kaskazi. Mlango wa nyuma unatokea kwenye kiwanja chetu; bibi wa nyumba anautumia kwenda kwa binti yake."

Mstari huo wa mwisho ndio unaovunja ramani nyingi. Bibi yule ana miaka mingi akipita pale, naye hana karatasi ya njia. Ukimzibia, mtaa mzima utajua kabla ya adhuhuri.

Wasomaji wa nje ya Lamu wasichanganyikiwe na neno kiwanda. Huku kwetu ni ua wa ndani ya nyumba, ulio wazi juu, ambao vyumba vinaupakana. Ndio mapafu ya nyumba, na ndipo wanawake wanapofanyia kazi zao bila buibui. Kila nitakaposema sitara, kiwanda ndicho cha kwanza ninachokifikiria.

2. Karatasi

Anza na umiliki. Viwanja vingi vya Lamu ni vya mirathi ambayo haijagawanywa, na vingine ni wakfu. Kama kiwanja kilikuwa cha babu, warithi wote lazima wajulikane na wakubali kwa maandishi, akiwemo shangazi aliyeolewa Mombasa na yule aliyehamia Oman. Kama ni wakfu, hupati kukigawa wala kukiuza, na mpango wowote upitie kwa msimamizi wa wakfu. Usimlipe mchora ramani shilingi moja kabla ya hapo.

Halafu nenda ofisi ya mipango ya kaunti. Sheria ya upangaji na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inakutaka upate kibali cha uendelezaji kabla ya kuchimba msingi. Uliza mapema nafasi inayotakiwa kuachwa mpakani, idadi ya ghorofa, na asilimia ya kiwanja inayoruhusiwa kujengwa, kwa sababu majibu hayo ndiyo yatakayokupa idadi ya nyumba. Uliza NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, kama mradi wako unahitaji tathmini ya mazingira. Mradi na mkandarasi wasajiliwe NCA, mamlaka ya kitaifa ya ujenzi. Ukikusudia kila nyumba iwe na mwenye wake, muone wakili kuhusu sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo, inayoruhusu mtu kuwa na hati ya nyumba yake huku ua na njia vikibaki mali ya wote.

Ikiwa kiwanja kiko ndani ya mji wa kale, au ukingoni mwake, pita pia kwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na kila kitu kinachobadilisha sura yake, hata kimo cha ukuta wa paa, kinatazamwa. Nimeona watu wakiikimbia ofisi hiyo. Mimi nakushauri uiendee na mchoro wa penseli, kabla hujaupenda mno mchoro wako, kwani wataalamu wa huko wamezipima nyumba za mji huu na wanaweza kukuonyesha vipimo ambavyo hutavipata kwingine.

3. Nyumba ngapi?

Mwenye kiwanja atataka kumi. Fanya naye hesabu.

Kiwanja chetu ni mita za mraba 792. Nyumba moja yenye upana wa mita 8 na kina cha mita 7.5 inakalia mita 60. Nyumba sita zinakalia 360, karibu asilimia 45 ya kiwanja. Kila nyumba ikiwa na sakafu ya chini na ghorofa moja, na kiwanda kidogo cha mita 2.5 kwa 3 katikati, inabaki na zaidi ya mita 100 za kuishi: vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko na vyoo viwili. Familia ya Lamu inakaa humo kwa raha na mgeni analazwa.

Nyumba kumi za kimo hichohicho zingekalia 600, yaani asilimia 76. Ua unapotea, maji machafu hayana pa kwenda, na ili upate nafasi itakubidi upandishe ghorofa ya tatu inayochungulia kila kiwanda cha mtaa. Kodi ya nyumba nne zaidi inavutia, sikatai. Lakini mpangaji anayelala chumba kisicho na upepo mwezi wa Februari hakai mwaka.

4. Kuzipanga nyumba

Weka nyumba tatu upande wa mashariki na tatu upande wa magharibi, migongo ikiegemea mipaka. Kati yake utapata ua wa upana wa mita 9 unaokwenda kusini hadi kaskazini. Kusini bakiza mita 5 za kuingilia na kaskazini mita 4.

Mpangilio huu unatokana na pepo zetu mbili. Kusi huvuma tangu mwezi wa Aprili hivi hadi Septemba, ikitoka kusini na kusini-mashariki. Kaskazi huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Machi, ikitoka kaskazini-mashariki. Ua ulio wazi ncha zote mbili unazipokea zote na kuzipitisha, kila nyumba ikijichotea njiani, na kinachobaki kinawafikia walio nyuma yako. Ukijenga safu moja ndefu ya mashariki hadi magharibi kuvuka kiwanja, umeweka boma mbele ya mtaa mzima. Jua nalo linahesabiwa. Lamu iko nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua kali la kuumiza kuta ni lile la chini la asubuhi na la alasiri. Migongo ya nyumba ndiyo inayolipokea, nayo iwe minene na isiyo na madirisha makubwa, huku nyuso zinazotazama uani zikipeana kivuli.

Kibla kwetu ni kaskazini karibu moja kwa moja, ikilalia magharibi kidogo sana. Hili lijulikane tangu mstari wa kwanza, ili vyoo visielekezwe huko wala kukipa kisogo, na ili chumba cha kuswalia kipate safu zilizonyooka. Nimeona nyumba nzuri ikivunjwa choo baada ya kukamilika kwa sababu mchora ramani alitoka bara na hakuna aliyemwambia.

Mpakani, acha tabia ya kubakiza kichochoro cha mita moja kila upande kwa mazoea. Kichochoro hicho hakimpi mtu upepo. Kinakuwa jalala, maskani ya paka na njia ya mwizi. Jirani akiwa na ukuta mtupu, na kaunti ikiruhusu, egemea mpaka kama nyumba zetu za zamani zilivyoegemeana. Jirani akiwa na dirisha, rudi nyuma mita 2 au zaidi mbele ya dirisha hilo tu, uache mfuko wa hewa, na kiwanda chako ukikutanishe na mfuko huo. Katika mfano wetu, nyumba ya kati ya mashariki inakatwa pembe kwa ajili ya yale madirisha mawili ya jikoni. Inapungua mita sita za mraba hivi, na ndizo mita utakazoshukuru kuzitoa.

Njia ya bibi ibaki. Inaingia kwenye mfuko huohuo, inatokea uani, inatoka kusini. Upana wa njia kuu uwe mita 2.5, ili punda wawili wenye mizigo wapishane bila kukwaruza kuta. Kwenye kona, kata pembe ya ukuta kuanzia chini hadi kimo cha kichwa. Kipimo ninachokitumia ni jeneza: watu wanne mabegani waweze kupinda kona bila kulilaza. Fundi yeyote wa Lamu anaelewa ukimwambia hivyo, na kona inayopitisha jeneza inapitisha pia kitanda, friji na mgonjwa kwenye machela.

Mwanzoni mwa ua, upande wa kusini, jenga daka, yaani ukumbi wa mlangoni, lenye baraza mbili za mawe, kimo cha sentimita 45 na kina cha sentimita 60, lielekee njia ya mtaa. Litakuwa la mtaa, si la nyumba sita peke yake. Wazee watalikalia baada ya alasiri na wao ndio walinzi wako.

5. Sitara

Hapa ndipo nilipokosea mimi, na nataka nieleze vizuri.

Katika kazi yangu moja ya mwanzo, nyumba nne zilizokuwa kwenye kiwanja kidogo kuliko hiki, kila kitu cha chini kilikaa sawa. Milango haikutazamana, madirisha yalipishana. Juu nikaweka paa bapa la kuanikia nguo, na ukuta wa ukingo wa sentimita 90. Wiki ya tatu baada ya watu kuhamia, bibi wa nyumba jirani alinituma mjukuu. Nilimkuta amekaa sebuleni, mlango wa kiwandani umefungwa, nyumba ina joto la tanuri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Sikukuita kwa ugomvi. Nataka uniambie, mimi sasa nipike wapi?"

Alinipeleka mpaka mlangoni mwa kiwanda, akaufungua kidogo. Pale juu, kwenye paa nililochora mimi, kijana alikuwa anaanika shati lake. Hakuwa anachungulia. Alikuwa anaanika nguo tu, na kutoka pale alipo aliona meko, ndoo, na kanga zilizoanikwa kwenye kamba. Bibi yule alikuwa akipika katika kiwanda kile tangu aolewe. Tulirudi na mawe tukapandisha ukuta, kwa gharama yangu, na niliona haya kuliko nilivyoona hasara.

Tangu hapo kanuni yangu ni kuchora mstari wa jicho. Chukua jicho la mtu aliyesimama, mita 1.6 kutoka sakafuni, kwenye kila dirisha la ghorofa, kila ngazi na kila pembe ya paa. Chora mstari mnyoofu kupita juu ya ukingo hadi upande wa jirani. Mstari ukigusa sakafu ya kiwanda chake, mchoro haujaisha. Paani, ukuta wa ukingo uwe mita 1.8 upande wa jirani. Ili usizuie upepo, sehemu yake ya juu itobolewe matundu yanayoteremka kuelekea ndani kwako, yaani upande wa jirani uwe juu kuliko wa kwako: hewa inapita, na mtu akichungulia kwenye tundu haoni isipokuwa mbingu.

Madirisha ya ghorofa yanayotazama mpaka yaanzie mita 1.7 kutoka sakafuni, yawe mapana na mafupi, kwa ajili ya kutoa joto. Makubwa yaelekee kiwanda chako mwenyewe au ua wa pamoja. Uani, dirisha lisitazamane na dirisha, wala mlango na mlango. Madirisha na milango ya nyumba za mashariki isogezwe kando kidogo, ipishane na ya magharibi.

Mlangoni, iga nyumba za kale. Ukiingia unakuta tekani, ukumbi mdogo unaopinda kabla ya kufika kiwandani, hivyo mlango ukiachwa wazi mpita njia anaona ukuta tu. Mita 1.5 kwa 2 zinatosha. Nyumba za wakubwa zilikuwa na sabule vilevile, chumba cha mgeni juu chenye ngazi yake karibu na mlango, mgeni aingie na kutoka bila kuwapitia wenye nyumba. Kwa nyumba za leo zenye kijana mkubwa au mpangaji wa msimu wa Maulidi, sabule moja kwa kila nyumba mbili, juu ya tekani, ni chumba kitakachotumika mwaka mzima.

Wengi huniuliza kuhusu wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia kuunganisha nyumba mbili. Kinapendeza na kinatia kivuli. Kwenye nyumba za pamoja kiweke tu ambapo nyumba mbili ni za familia moja, na kimo cha chini kisipungue mita 3, mzigo wa punda na mtu aliyepanda upite.

6. Kuta na vifaa

Kimo chako kifuate nyumba za pembeni, si nyumba ndefu kuliko zote mtaani. Ukuta mrefu wa mita 24 wenye paa moja unaonekana kama ghala. Vunja paa kwa kila nyumba, hii juu kidogo, ile chini, moja iwe na kipaa cha makuti au bati juu ya ngazi.

Vyumba vya zamani vina upana wa mita 2.5 hadi chini kidogo ya 3, kwa sababu huo ndio urefu ambao boriti ya mkoko hubeba dari la mawe na chokaa bila kupinda. Kipimo hicho ndicho kilichozaa sura ya mji: vyumba vyembamba virefu, milango katikati, zidaka (vishubaka) ukutani. Hata ukitumia zege, gawa nyumba kwa vipande vya upana huo. Nyumba itafanana na jirani zake bila kubandikwa mapambo, na nondo zitakuwa nyembamba, zenye bei nafuu.

Mawe yanatoka Maweni, kisiwani Manda, yakikatwa kwa mkono na kuletwa kwa mashua. Ukuta wa nje uwe sentimita 40 au zaidi. Wa ndani unaweza kuwa tofali la sentimita 15 au 20. Ukuta wa mawe upigwe lipu ya chokaa. Lipu ya saruji juu ya jiwe la matumbawe huzuia unyevu kutoka. Chumvi inajikusanya ndani, na baada ya miaka michache lipu inavimba na kuanguka vipande. Chokaa iloweshwe ikae wiki kadhaa kabla ya kutumika, na lipu ilindwe jua lisiikaushe upesi.

Boriti huuzwa kwa korja, ishirini ishirini. Nunua kwa mtu mwenye kibali cha KFS, idara ya misitu, na ukague zilizokauka, zilizonyooka, zisizo na matundu ya wadudu. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kaunti hii, na bado haitoshi kujengea kila mtu, kwa hiyo mimi huweka boriti panapoonekana, kwenye misana (vile vyumba virefu vinavyopakana na kiwanda) na sebule, na kwingine naweka zege. Mchanga wa pwani usiingie kwenye zege lenye nondo. Chumvi yake itaila nondo na dari litapasuka kwa chini. Na mchanga wa vilima vya Shela usiguswe kabisa. Vilima vile ndivyo vinavyochuja na kutunza maji matamu tunayokunywa Lamu.

7. Maji, safi na machafu

Nyumba sita, watu sita kila nyumba, ni watu 36. Wakitumia lita 50 kila mmoja kwa siku, unahitaji lita 1,800. Mapaa yako, ukiondoa viwanda, ni kama mita za mraba 300. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ukikadiria mvua ya milimita 900 kwa mwaka na kupoteza sehemu ya tano, unakusanya lita 216,000, matumizi yote ya siku 120. Theluthi ya mwaka, kutoka paani tu.

Kuyahifadhi yote hakuwezekani wala hakuna haja. Chimba tangi moja chini ya ua, urefu mita 5, upana 4, kina 2: lita 40,000. Yatumike kunywa na kupikia peke yake, lita 10 kwa mtu, na yatawafikisha zaidi ya siku 100, yaani miezi yote mikavu ya kaskazi, wakati visima vinapoingia chumvi. Tangi lifunikwe, liwe na mfuniko unaofungwa kwa kufuli, na bomba la kumwaga mvua ya kwanza yenye vumbi na mavi ya ndege. Wazee waliweka samaki wadogo kwenye birika la chooni wale viluwiluwi wa mbu; birika lolote utakaloliacha wazi, fanya hivyohivyo.

Maji mengine yatatoka kwenye bomba la mji au kisima. Usichimbe kisima kipya kabla ya kuonja vya jirani wote. Tabaka la maji matamu limekaa juu ya maji ya chumvi, na pampu yenye nguvu inavuta chumvi mpaka kwenye kisima cha mwenzio.

Maji machafu ndiyo yatakayokugombanisha na mtaa. Kisima cha jirani wa mashariki kiko mita 9 ndani ya mpaka wake. Ukitaka tangi la choo na shimo la maji machafu kuzama ardhini viwe mita 30 kutoka kisimani, pima kwa kamba: mahali panapofaa katika mfano wetu ni kona ya kusini-magharibi. Basi anzia huko, vyoo vya nyumba zote vishuke kuelekea huko, mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, na kifuniko cha ukaguzi kila bomba linapopinda. Tangi liwe na vyumba viwili, shimo lisifike kwenye maji ya ardhini. Kama kiwanja chako hakipati mita 30 popote, tumia tangi lisilovuja na ulipe wa kunyonya, na gharama hiyo iingie kwenye kodi tangu mwanzo. Maji ya kuogea na kuoshea vyombo hayana haja ya kwenda huko. Yapitishe kwenye kokoto yakamwagilie migomba na mpapai uani.

8. Moto

Makuti yakishika moto wakati wa kaskazi, cheche zinaruka nyumba tatu, nne, na gari la zimamoto halipiti kwenye vichochoro vyetu. Usiweke makuti kwenye paa linalopakana na paa la makuti la jirani. Kuta zinazotenganisha nyumba zipande nusu mita juu ya paa. Ua uwe na njia mbili za kutokea, kusini na kaskazini, zisifungwe kwa kufuli usiku. Kwenye tangi la chini weka pampu ya petroli na mpira unaofika nyumba ya mwisho, na uwajaribishe watu kuiwasha pampu mara mbili kwa mwaka. Mpira huo uwe mrefu kiasi cha kufika kwa jirani pia.

9. Wakati wa kujenga

Kila jiwe litafika kwa mgongo wa punda. Kubaliana na wenye punda njia moja ya kuingia na nyingine ya kutoka, mizigo isiyozidi nguvu, na mapumziko mchana. Kazi ya nyundo isimame adhana ikilia, na siku ya Ijumaa ifungwe saa tano. Mchanga usimwagwe mlangoni mwa mtu. Jenga kwanza tangi la maji na njia ya bibi, kisha nyumba. Ukianza na nyumba, njia itakuwa imejaa kokoto mwaka mzima na tangi litasogezwa pasipofaa.

10. Makubaliano ya wakazi

Yaandikwe kabla ya mtu wa kwanza kuhamia, karatasi mbili zinatosha. Nani ana ufunguo wa tangi. Kila nyumba inachanga kiasi gani, na anayekosa afanywe nini. Taka zinatolewa lini na nani. Lipu ya chokaa inarudiwa kwa fedha ipi. Paa hakuna ruhusa ya kulipandisha bila idhini ya wote pamoja na jirani anayepakana. Harusi na matanga ya nyumba yoyote yana haki ya ua mzima, na wengine watapisha. Kipengele hicho cha mwisho watu hukicheka mpaka siku ya kwanza ya msiba.

11. Rudi na daftari

Fundi usimlipe sehemu ya mwisho ya fedha zake siku ya kukabidhi. Bakiza kidogo, mkiwa mmekubaliana hivyo kwenye mkataba, mpaka kaskazi na kusi zote zipite juu ya nyumba. Kisha chukua lile daftari, ubishe hodi nyumba zilezile, ukurasa kwa ukurasa, mistari mitano. Dirisha la jikoni la mashariki bado linaingiza upepo? Maji ya kisima yamebadilika ladha? Bibi anapita bado kwenda kwa binti yake, au ameanza kuzunguka? Kama anazunguka, muulize kwa nini. Mara nyingi ni jambo dogo: taa inawaka usoni, mbwa, kizingiti kirefu kwa magoti yake. Mpeleke fundi akakipunguze kile kizingiti sentimita kumi, ndipo umalizane naye.